Kaseja Kastaafu? Hapo Sipo

Agosti 2022, Honour Janza alipopewa Taifa Stars, jina la Juma Kaseja nalo lilikuwemo kwenye benchi: kocha wa makipa. Hapa Mpanda vijiwe vikakata kauli siku hiyohiyo kwamba mzee kastaafu. Zikaanza sifa. Sijapata kusikia sifa nyingi namna ile, na waliozimwaga wengi wao ni walewale waliokuwa wakimzomea.

Mimi nikanywa kahawa yangu kimya. Simchukii. Mtoto wa Kigoma ni jirani. Sisi wa Katavi na wao tunakutana kwenye reli ileile ya kwenda Tabora. Ila neno "kastaafu" silimezi kirahisi, hasa likitamkwa juu ya kipa.

Hebu tuhesabu. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kucheza na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Mechi mbili zikaisha kwa jumla ya 1-1, Simba ikashinda kwa penalti 3-2. Langoni alikuwa Kaseja, kinda kabisa, na nchi nzima ikalijua jina lake. Miaka 10 baadaye, 2013, Simba haohao hawakumwongezea mkataba. Kwisha habari yake, wakasema. Akavuka mtaa akaenda Yanga. Desemba 21 mwaka huohuo, kwenye Nani Mtani Jembe, Yanga ikalala 3-1 mbele ya Simba, na lawama zote akatwishwa yeye. Wakamstaafisha mara ya pili, safari hii Wana-Yanga.

Akapita Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Kelele za Kariakoo zikahamia kwa wengine. Halafu Agosti 4, 2019, Kasarani, Kenya na Tanzania wakatoka 0-0. Penalti: Stars 4, Kenya 1. Septemba 8, Dar es Salaam, sare na Burundi, penalti tena: 3-0. Warundi hawakupata hata moja! Langoni nani? Yuleyule marehemu wa vijiweni, umri miaka 34.

Sasa niambie, msomaji, mtu huyu kastaafu mara ngapi?

Huko Marekani yuko Tom Brady, yule mrusha mpira wa mchezo wao, bingwa mara saba. Aliaga Februari 1, 2022, akarudi Machi 13, akaaga tena Februari 1, 2023. Watu walimcheka, lakini tazama jambo moja: kuondoka kulikuwa kwake na kurudi kulikuwa kwake. Hakuna kijiwe kilichomwamulia.

Kwetu mchezaji haagi, anaachwa. Mwalimu akistaafu ana tarehe, ana barua, ana kiinua mgongo anachokisubiri. Mchezaji ana mkataba ulioisha na jina lisiloonekana kwenye orodha ya usajili. Baadaye, akishapata kazi nyingine, ndipo tunamletea neno zuri, "kastaafu", kama shuka jeupe la kufunikia namna tulivyomtupa. Hizo sifa tunazitoa bure kwa sababu hazitugharimu kitu tena.

Nasema haya kwa sababu ugonjwa huu haujaishia kwa mastaa. Nenda Uwanja wa Azimio jioni. Utamkuta kijana wa miaka 24 anaambiwa na wenzake umri umemtupa mkono, atafute bodaboda. Nani kampima? Na wewe unayeandika mashairi kwenye daftari la hesabu, umeshaambiwa mara ngapi kwamba muda wako umepita kabla hata haujafika?

Kwa hiyo kuhusu Kaseja nasubiri neno la mwenyewe, si la kijiwe. Wengine wote wakisema fulani kaisha, mimi nauliza swali moja tu: penalti ijayo mtamwita nani?