Saumu Iliyofichika Katika "Breakfast"

Miongoni mwetu wanagenzi wa isimu imezagaa dhana kwamba "kifungua kinywa" na "kiamshakinywa" ni vivuli tu vya neno la Kiingereza "breakfast". Mwenzangu mmoja aliitetea dhana hiyo kwa ukali katika mjadala wetu, nami tangu siku hiyo sijatulia. Hebu tulifumue neno lenyewe.

"Breakfast" ni ambatano la "break", yaani kuvunja, na "fast", yaani saumu. Limeandikwa tangu karne ya 15. Aghalabu ambatano la Kiingereza hubeba kiini chake mwishoni, lakini hili halifuati kanuni hiyo: "breakfast" si aina ya saumu! Hata matamshi yameficha asili. Irabu ya "break" imefupishwa humo, na Mwingereza hula mayai yake asubuhi bila kukumbuka kwamba alikuwa amefunga.

Linalonisisimua zaidi ni hiyo "fast". Inatokana na shina lililomaanisha kitu imara, kilichokazwa. Mfungaji ni mtu aliyejizuia barabara. Kiswahili nacho, bila kuazima kwa yeyote, kilichagua kitenzi "kufunga". Hapa lugha mbili zisizo na udugu zimekutana katika fikra moja.

Kisha zikaachana. Mwingereza huvunja, Mswahili hufungua. Tofauti hii si ndogo. Kuvunja saumu, kwetu, ni kuibatilisha kabla ya wakati wake. Anayeikamilisha hufungua, au hufuturu, na chakula chake ni futari, neno lenye mzizi wa Kiarabu. Lau mababu zetu wangelitafsiri neno la Kiingereza sisisi, wangelipata dhambi badala ya chakula. "Kifungua kinywa" kimejengwa kwa kauli ya kutendua ya kitenzi chetu wenyewe, na kiambishi ki- kikakipa nomino iliyo kamili.

"Staftahi" nayo imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kufungua, ule ule uliozaa "Fatiha". Ama "kiamshakinywa", kipenzi cha vitabu vya shule nchini Kenya, hakina saumu hata chembe: kinywa kililala, kikaamshwa. Hicho ni kivuli cha nani?

Mabwenini, hata hivyo, sote huulizana tu, "Umekunywa chai?", hata pale kilichoko mezani ni uji na viazi vitamu.