Baridi ya Maji Vuguvugu

Baba yangu alizamia na sweta. Lilikuwa la sufu, rangi ya udongo, limelegea shingo na kutoboka viwiko, na kabla ya kulivaa alijipaka mafuta ya nazi toka shingoni hadi nyayoni. Sifa, yale mafuta ya papa, ilikuwa ya mashua. Ya nazi yalikuwa yake. Chini alivaa suruali ndefu ya kaki, akaifunga vifundoni kwa uzi wa nyavu isije ikampanda. Kisha anavuta pumzi, anakwenda, na akiibuka ana jongoo bahari wawili watatu mfukoni, siku nyingine kamba mti. Sisi watoto wa kisiwa cha Jibondo tulikuwa tukicheka. Bahari ya Mafia ina baridi gani hata mtu mzima avae sweta? Sisi tulishinda humo na kaptula za shule, na wadogo bila hata hizo.

Siku moja nilimwuliza. Alikuwa akikamua mkono wa sweta.

"Wewe unacheza majini, mwanangu," akasema. "Mimi nafanya kazi majini."

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini Tanzania, na wageni wa kuzamia wakazidi kuja Utende. Nikapata kibarua cha kubeba mitungi ya hewa kutoka stoo hadi kwenye boti, na mwaka 1998 mwalimu mmoja akanihurumia, akanifundisha kuitumia. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanza. El Niño ilikuwa imeyapasha moto maji ya Bahari ya Hindi kupita kiasi, na matumbawe yalikuwa yakiwatema wale viumbe wadogo wanaoishi ndani yake na kuyapa rangi na chakula. Basi mara yangu ya kwanza kukaa chini na kuutazama mwamba kwa nafasi, bila kuhesabu pumzi, nilichoona ni matawi meupe pe, kama mifupa iliyoanikwa. Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa, lakini mengi ya yale hayakuamka tena. Na mimi, katika maji yale yaliyokuwa yakiliua tumbawe, nilikuwa na fulana na kaptula tu, raha mustarehe. Nikajiaminisha kwamba suti za mpira ni mambo ya wazungu wasiozoea chumvi.

Kusi iliyofuata ikanisahihisha. Wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, maji ya kwetu hufika nyuzi 29 au 30; Julai na Agosti, kusi ikivuma, hushuka hadi 25 hivi. Nyuzi 25 za hewa ni jioni nzuri ya kukaa barazani. Za maji zina hesabu nyingine, kwa kuwa mwili una 37 na maji huunyonya joto kama mara 25 zaidi ya hewa. Ubaya wa baridi hiyo ni kwamba haipigi hodi. Mzamo wa kwanza sikuhisi kitu. Wa pili nilihisi njaa tu. Wa tatu, mchana, kwenye mita 15, taya zikaanza kucheza, nikawa nauma kile kinywa cha mpira mpaka fizi zikauma. Pumzi zikawa fupi fupi, na mtungi wangu, ambao siku zote ulirudi na akiba, ukaisha kabla ya mitungi ya wageni niliokuwa nawaongoza. Kupanda botini, vidole vikagoma kufungua bizimu ya mkanda. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Ujerumani, akanifunika taulo lake mabegani. Mtoto wa Jibondo anafunikwa taulo na mgeni! Nahodha hakusema neno, lakini kabla ya magharibi habari ilishafika kwa mama.

Ndipo nikaanza kutafuta wetisuti, kama tunavyoiita wenyewe. Ya kwanza niliachiwa na mgeni mrefu kama mnazi. Nikadhani kazi yake ni kuzuia maji yasiingie. Wapi! Maji yanaingia, ila suti ikikubana yanabaki palepale na mwili unayapasha. Na kinachokinga hasa ni ule mpira wenyewe, neoprini, uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Nilikuja kusoma kwamba aliyeligundua jambo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni mwanafizikia wa Berkeley, Hugh Bradner: aliona kwamba mzamiaji si lazima awe mkavu ndipo apate joto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtu huyo alikuwa kwenye mradi wa bomu la atomiki. Mimi naona kazi yake ya pili ilikuwa na maana zaidi, lakini labda nina upendeleo.

Suti yangu sasa ilikuwa pana. Kila nikipiga mapezi, maji mapya yanaingia shingoni na ya zamani yanatokea miguuni. Ni sawa na kulala kwenye chandarua chenye matobo. Nikampelekea fundi cherehani wa Kilindoni aibane. Sindano mbili zikakatika, akanirudishia na kuniambia nikashone viatu.

Ya pili ilinikaa sawasawa, unene wa milimita 5, na nusura initie matatani. Nilijitupa majini na risasi zangu za kila siku kiunoni, kilo mbili, nikaelea kama kumbi la nazi. Nikarudi botini nikaongeza mpaka kilo sita. Haya, nikazama, na nikaendelea kuzama. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwenye 20 mara tatu. Vipovu vya mpira vinasinyaa, suti inakuwa nyembamba, wepesi wa kuelea unapotea, na risasi haipungui hata gramu. Tulikuwa kwenye mlango wa Kinasi, mkondo unaingia. Mwamba niliokusudia kusimama niliupita nikiutazama, kama abiria aliyepitilizwa kituo. Nikajaza hewa kwenye jaketi la kuelea kwa pupa, nikaanza kupaa. Nikaimwaga kwa pupa, nikashuka tena. Siku hizi mtu akibadili suti, najaribu uzito wake kwenye maji ya kifuani kwanza, hata akiniambia amezamia dunia nzima.

Kuivaa nayo ilikuwa na ufundi wake. Mguu mbichi haupiti kwenye mpira, kwa hiyo tulivisha wayo mfuko wa rambo, mguu ukateleza, tukalivua rambo na kulihamishia mguu wa pili. Kila boti ilikuwa na rambo lake linaloheshimika kuliko nanga. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini, na sisi tukahamia kwenye soksi za nailoni za mitumba. Zinafaa, ila hazina ule mteremko.

Kuna jambo wageni hulicheka sana: wazamiaji wote hukojoa ndani ya wetisuti, na anayekana ni mwongo. Maji na baridi humfanya mtu apatwe na haja, na mzamo ni karibu saa nzima. Kwetu kicheko chake si kirefu, maana sala ya adhuhuri inakaribia na nguo ina najisi. Ndiyo sababu pale stoo tuna mapipa mawili ya maji baridi, la kusuuzia suti na la kuogea, na ole wake atakayechanganya kata. Baada ya hapo suti huanikwa kivulini, kwani jua huupasua mpira.

Wageni wapya hushangaa kumkuta mwenyeji amevaa milimita 5 na wao wamepewa 3. Vijana wangu huwajibu kwa jibu la baba, bila kujua ni la nani: nyinyi mko mapumzikoni.

Wageni wenyewe wamebadilika. Zamani, msimu wa papa potwe pale Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi, walielea juu ya maji saa nyingi na vichupi, mgongo umepakwa krimu nzito ya jua mpaka utando wa mafuta unabaki nyuma yao. Sasa wengi wanakuja na fulana za mikono mirefu zinazobana. Hawaii imezuia tangu 2021 uuzaji wa krimu zenye baadhi ya kemikali zinazodhaniwa kudhuru matumbawe, na Palau ilitangulia mwaka 2020. Krimu inafutika, fulana haifutiki. Na yavuyavu likikupitia mkononi utaishukuru mara mbili. Glavu ndizo ninazokataa. Mkono wenye glavu hauna adabu, unashika kila kitu.

Mabishano makubwa ya nguo hayakuwa na wageni, yalikuwa na dada yangu. Binti yake alitaka kuzamia. Dada akaja stoo, akaishika wetisuti kwa vidole viwili kama samaki aliyelala.

"Kaka, hii imemfunika toka shingo hadi mguu, sikatai. Lakini imemfunika au imemchora?"

Sikuwa na jibu. Jibu alilitafuta mpwa wangu mwenyewe. Akavaa suti, juu yake sketi fupi ya kitambaa cha kuogelea, na kichwani kofia nyembamba ya neoprini inayoshuka hadi mabegani, ile ambayo watu wa bahari za baridi huivaa kwa ajili ya masikio. Toka nyumbani hadi ukingo wa boti ana dera juu ya yote; anajitupa kinyumenyume, dera linabaki kwa nahodha.

"Mjomba," aliniambia baada ya mzamo wake wa kwanza wa kusi, "mbona nyinyi wanaume mnatetemeka?" Kichwa chake kilikuwa na joto, changu kinapigwa na upepo. Mwezi uliofuata nikanunua kofia.

Ile suti ya kwanza, ya mgeni mrefu, nilimpelekea baba. Hazamii tena, ila usiku bado anatoka na mshipi, na upepo wa kusi hauna huruma na mifupa ya mzee. Magoti ameyabandika mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilimwonyesha kwamba zipu inakaa mgongoni, na ule utepe mrefu ni wa kuivutia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaivaa mbele nyuma, zipu kifuani.

"Nguo gani hiyo," akasema, "mpaka uvuliwe na mtu?"

Chini yake, naona, bado anavaa lile sweta.