Hiyo Mashine Inatoa Kopi?

Berlin watu wanaikimbia kompyuta. Nasema watengeneza biti, ambao wengi wao mchana ni watu wa ofisini: wanashinda mbele ya skrini tangu asubuhi, na wakirudi nyumbani hawataki tena kuona mausi wala barua pepe. Wanachotaka ni mashine yenye padi za mpira au vitufe vya kugonga, isiyohitaji kompyuta. Unaiwasha, unagonga, unazima, unalala. Wananunua MPC ya Akai, SP-404 ya Roland, Digitakt ya Elektron, na ubishi wao usiokwisha ni huo: mashine au laptopu?

Kinachonichekesha ni kwamba jiji hili hili ndilo lililowaingiza kwenye kompyuta. Ableton ni kampuni ya Berlin, na programu yao ya Live ilitoka mwaka 2001. Native Instruments nao ni wa hapa hapa. Mwaka 2009 walitoa Maschine, kidude cha padi ambacho bila kompyuta kilikuwa pambo la mezani. Upepo ukageuka. Mwaka 2020 Native Instruments wakaleta Maschine+ inayofanya kazi peke yake, na mwaka 2023 Ableton wakaleta Push 3 yenye kompyuta tumboni mwake, euro 1,899. Yaani mtu aliuziwa kompyuta, kisha akauziwa njia ya kuikimbia kompyuta, na hiyo njia nayo ni kompyuta iliyofichwa. Wajerumani wanajua biashara.

Siwabezi. Nimeishi nao vya kutosha kujua kwamba mashine inawafaa. Saa nne usiku hapa ni kimya kwa mujibu wa sheria mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili ni kimya kutwa; jirani akisikia besi inapita ukutani, anagonga mlango, na asipofunguliwa anawaita polisi. Kwa hiyo mtu anavaa hedifoni, anakaa kitandani na SP-404 mapajani, anatengeneza biti ambayo huenda hakuna mwingine atakayeisikia, na ameridhika. Tena hahatarishi chochote. Duka la Thomann, ambalo watu wa muziki Ulaya nzima wanaagiza kwake, linakupa siku 30 za kurudisha mzigo ukipenda. Ikipita siku hizo unaiuza mtandaoni kama mtumba, unapoteza hela kidogo, unajaribu nyingine. Uchaguzi usiokugharimu kitu unaweza kuubishania miaka kumi.

Sasa njoo kwetu Kyela, mkoani Mbeya, Tanzania.

Mtoto wa kaka yangu ana kibanda mjini pale, chumba kimoja cha bati, na ndani yake kuna meza moja, laptopu moja na printa. Siku moja nilimpigia kwa video nikamwonyesha MPC One iliyokuwa dukani. Nikamweleza kila kitu: padi, skrini ya kugusa, sampuli, kwamba unatoa biti mwanzo mpaka mwisho bila kuwasha kompyuta. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Shangazi, hiyo mashine inatoa kopi?”

Nikasema haitoi.

“Inaweza kujaza fomu ya mkopo wa chuo?”

Hapo ndipo ubishi wote wa Berlin ulipokufa. Laptopu ile asubuhi ni ofisi. Inachapa barua za kuomba kazi, inatoa kopi za vitambulisho, inakata picha za pasipoti, inawajazia vijana fomu za Bodi ya Mikopo, inawajazia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Jioni, kopi zikiisha, meza inasogezwa ukutani, maikrofoni inatolewa kabatini, na FL Studio inafunguliwa. Kopi ndizo zinazolipa pango na umeme. Biti ni faida na ni sifa. MPC One ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 699, ambazo kwa fedha ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki sita. Kwa fedha hiyo unapata laptopu mtumba nzuri, printa na chenji. Nani mwenye akili timamu ataweka mtaji wote huo kwenye chombo kinachojua kazi moja?

Kuna jambo la historia pia. Mmarekani au Mjerumani wa miaka hamsini anaikumbuka mashine kwa mapenzi kwa sababu alianza nayo. Mwaka 1980 zilitoka LM-1 ya Roger Linn na TR-808 ya Roland. Mwaka 1988 Linn akishirikiana na Akai akatoa MPC60, iliyobeba sampuli za sekunde 13 hivi tu. Watu wakajifunza kuubana muziki ndani ya hizo sekunde, na ubanaji huo ukawa ladha ya hip-hop nzima. MPC ya J Dilla leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Kisha mwisho wa mwaka 1997 Wabelgiji wa Image-Line wakatoa FruityLoops, wazee wakaiita mchezo wa watoto, mpaka 9th Wonder alipomtengenezea Jay-Z wimbo kwa programu hiyo hiyo kwenye albamu ya 2003.

Kwetu vijana wengi waliokuja kushika biti nje ya studio kubwa za Dar es Salaam hawakupitia mashine yoyote. Walianzia kwenye kompyuta. Singeli ni mfano ulio wazi: pale Mburahati, studio ya Sisso ilitumia kompyuta za kawaida kabisa kutoa midundo ya kasi inayopita 200 kwa dakika, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaikusanya kwenye albamu, na vijana wenyewe wakaishia kwenye matamasha ya Ulaya. Hakuna aliyewauliza wana MPC ya mwaka gani. Kwa hiyo kijana wa Kyela hana mashine ya zamani ya kuikumbuka, na wala kompyuta hajaichoka. Anaililia muda zaidi, kwa sababu mchana wote ipo kwenye kopi.

Ila nisiipambe laptopu. Mahali penyewe panaitesa. Kyela ni bondeni, karibu usawa wa Ziwa Nyasa, joto lina unyevu, na mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000. Betri ya laptopu ya yule kijana ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwenye waya, na umeme ukikatika inazima hapo hapo kama taa. Masika ndiyo balaa: radi za jioni, nguzo zinalala, na verse iliyokuwa inarekodiwa inaenda na maji. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilianza kuwashwa mwaka 2024 na mgawo wa nchi nzima ukapoa, lakini mgomba ukiangukia waya wa mtaani kwenu, megawati 2,115 za Rufiji hazikusaidii.

Na kurekodi kwenyewe! Chumba kimebandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani ukutani. Feni lazima izimwe, maana maikrofoni inaidaka. Msanii anaimba jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, prodyuza kavua shati, mlango umefungwa. Mvua ikianza juu ya bati, kazi imekwisha. Hakuna programu duniani itakayoiondoa ile kelele, mnakaa mnapiga soga mpaka ikatike. Mvua ikikatika, wanaanza vyura wa kwenye majaruba ya mpunga. Nyimbo nyingi za Kyela zimerekodiwa kati ya mvua na vyura, na ukiongeza sauti kwenye hedifoni, katikati ya mistari utawasikia.

Kwa mazingira hayo, kwa haki kabisa, mashine yenye betri ndiyo ingestahili kuzaliwa Kyela. MPC Live ya mwaka 2017 ina betri ndani. SP-404MKII inakubali betri sita ndogo za dukani. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Hiyo ni faida ambayo mtu wa Berlin anaitumia kwenda kukaa bustanini, na sisi tungeitumia kumaliza kazi ya mteja. Tatizo linakuja siku ikiharibika. Laptopu ya Dell au HP ina fundi kila mji. Chaja, kioo, memori, vyote vinapatikana Mwanjelwa, Mbeya, ukipanda gari asubuhi jioni umerudi. Padi ya MPC ikiacha kuitika, au sisimizi wakihamia ndani (Kyela wanahamia popote penye joto), spea unaagiza Ulaya au Marekani, na fundi naye unamtafuta kwa tochi.

Halafu kuna kitu ambacho hata mimi nilichelewa kukipa uzito, kwa vile nimekizoea tangu utotoni: mashine isiyohitaji kompyuta ipo Kyela siku zote. Ipo kanisani. Ni kinanda.

Wamisionari wa Kijerumani waliingia Unyakyusa, kule Kyela na Tukuyu, mwaka 1891, Wamoravian upande mmoja na wale wa Misheni ya Berlin upande mwingine, waliofika mpaka Ikombe kando ya ziwa. Waliacha tarumbeta, ambazo makanisani zinapigwa hadi leo. Baadaye vikaja vinanda vya Yamaha aina ya PSR, na hivyo ndivyo vilivyobadilisha kwaya. Ndani yake mna ngoma, besi na gitaa tayari. Mwalimu wa kwaya anashika kordi kwa mkono wa kushoto, mdundo unamfuata. Anabadilisha mwendo kwa kitufe, anahifadhi mpangilio wake wa kila wimbo, anatembea na flashi yenye midundo aliyopewa na mwalimu wa Tukuyu. Vile vidogo vinakula betri sita. Nimemwona mwalimu akipandisha kinanda kwenye mtumbwi pale Matema, kimefungwa kwa turubai, kwenda vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone ambako gari halifiki. Huyo hajawahi kusikia ubishi wa mashine na laptopu, na anatoa biti.

Ndiyo maana kwenye kile kibanda kazi kubwa ya mwaka haitoki kwa wasanii wa hip-hop, hata kama ndio wanaopenda kupiga picha na maikrofoni. Inatoka kwa kwaya. Mpunga ukishavunwa na hela za kakao zikishaingia, kwaya zinakuja kurekodi, watu 20 na zaidi kwenye chumba cha watu wanne, wengine wamesimama nje dirishani. Wanakuja na kinanda chao. Prodyuza anachomeka waya, anaingiza kinanda kwenye FL, anaongeza kiki nzito chini yake na kofi za mikono, na mzee wa kwaya anakaa nyuma ya bega lake akitazama skrini. Anataka kuona. Anaonyesha kwa kidole: hapa sauti ya pili imezama, hapa rudia. Kwenye kiskrini kidogo cha mashine, mzee yule angetazama nini? Kazi ya Kyela ina mashahidi, na wote wana maoni, na wote wamechangia.

Wadogo wanaoanza siku hizi hawana hata hiyo laptopu. Wanaanzia kwenye simu, FL Studio Mobile au BandLab ambayo ni ya bure, wakija kibandani wanakuja na biti nusu kwenye WhatsApp. Betri inakaa, umeme ukikatika hawajali. Watengenezaji wa mashine za euro elfu moja wangejifunza hapo, lakini sina hakika wanataka.

Nasema haya kwa ajili yetu tulio nje, kwa kuwa tuna tabia ya kutuma nyumbani kile tunachokipenda sisi. Tunaona kitu kizuri dirishani, tunamwona kijana wetu amekishika, roho inatulia. Kama kijana wako anafanya biti mjini Kyela, Tukuyu au ng'ambo ya Mto Songwe kule Karonga, usianze na MPC. Anza na yupiesi, ile ya kushikilia umeme dakika kumi za kuseva. Kisha kadi ya sauti yenye matundu mawili, ya maikrofoni na ya kinanda. Kisha leseni ya FL, maana unalipa mara moja na matoleo yote yajayo ni bure. Vijana wengi wanatumia ya kukraki inayokuja na virusi, au ya majaribio, ambayo inakuruhusu kuseva kazi lakini ukiifunga haikufungulii tena. Nawajua waliomaliza wimbo mzima usiku mmoja bila kufunga programu kwa sababu hiyo, wakiomba Mungu umeme usikatike.

Mashine iwe ya baadaye, kwa yule ambaye biti zimeshamtoa kwenye kopi. Huyo akipanda jukwaani, padi za mpira zina heshima yake: anapiga, watu wanaona mkono unapiga. Laptopu jukwaani inafanana na mtu anayesoma barua.

Wa kwetu nilimtumia yupiesi na leseni. Wiki mbili baadaye akaniletea ombi lake mwenyewe, na MPC haikutajwa. Anataka Yamaha mtumba, ile ndogo inayokula betri, iwe ya kibanda, akawafuate wanakwaya wa ng'ambo ya Matema huko huko kwao badala ya kuwasubiri wapande mtumbwi. Arekodi kinanda na sauti kwenye simu, kila kimoja peke yake, arudi avipange kwenye FL. Nimeipata moja hapa kwa euro 90. Tunachovutania sasa ni gharama ya mzigo: yeye anasema ilipwe na kopi za Januari, shule zikifunguliwa, mimi nasema mwalimu wa kwaya naye achangie, kwa kuwa nina uhakika ndiye atakayeishika zaidi.