Watu Wangapi Wanatosha?

Nilipoingia kwenye kazi ya tovuti jijini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2010, rangi ya kitufe iliamuliwa kikaoni. Ofisi yetu ilikuwa Kijitonyama, tukiendesha tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua: magari, viwanja, simu, nyumba za kupanga. Mbunifu alileta kurasa mbili, watu wakabishana, na mwishowe ukurasa uliompendeza bosi ndio uliokwenda hewani. Hakuna aliyeshangaa. Bosi ndiye aliyeijua biashara kuliko sisi sote.

Kilichotutoa huko ni habari za kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2008. Watu wake wa tovuti, Dan Siroker akiwa mmoja wao, waliwagawia wageni kwa bahati nasibu michanganyiko 24 ya picha, video na maneno ya kitufe, wakahesabu ni wangapi wanajiandikisha. Ukurasa wa awali uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni. Ulioshinda, wenye picha ya Obama na familia yake, uliandikisha asilimia 11.6. Video ambazo wanakampeni wenyewe walizipenda zilishindwa na picha za kawaida. Habari hiyo ilisimuliwa kila mahali penye watu wa tovuti, na fundisho lililosisitizwa lilikuwa kwamba mteja ndiye anayejua. Takwimu nyingine iliyokuwa humo humo haikusimuliwa sana: kila mchanganyiko ulionwa na watu wapatao 13,000.

Basi programu za majaribio zikaingia ofisini. Ulikuwa unaweka ukurasa A na ukurasa B, programu inagawa wageni, na grafu inachora yenyewe. Uhakika wa asilimia 95 ukitokea, rangi inageuka kijani, na neno "mshindi" linajitokeza. Kila asubuhi grafu ilifunguliwa kabla ya chai. Ikiwa kijani, jaribio linasimamishwa na ukurasa mpya unapewa watu wote. Ikiwa bado, tunasubiri kesho. Jaribio liliendeshwa kama mechi ambayo refa anapuliza kipenga pale tu timu anayoishabikia inapoongoza. Washindi waliongezeka mwezi baada ya mwezi, lakini matangazo yaliyolipiwa yakabaki pale pale, na bosi akaanza kuuliza ushindi wote huo unakwenda wapi.

Aliyemjibu ni dada mmoja mtakwimu aliyetoka kwenye tafiti za malaria. Wakati huo utafiti mkubwa wa chanjo ya RTS,S ulikuwa ukiendelea katika vituo 11 kwenye nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, na Kilifi upande wa Kenya. Watoto 15,459 walishiriki. Katika kazi ya namna hiyo, alituambia, idadi ya watoto huandikwa kwenye mpango wa utafiti kabla ya mtoto wa kwanza kuchomwa sindano, na siku ya kufungua matokeo huandikwa pia. Hakuna daktari anayechungulia kila asubuhi na kusimamisha utafiti siku chanjo inapoonekana nzuri.

Hakutuhubiria. Alichukua ukurasa wetu wa mbele akaushindanisha na wenyewe: A na B vilikuwa kitu kimoja, herufi kwa herufi. Kisha akatuacha tuchungulie grafu kama kawaida yetu. Kabla jaribio halijaisha, grafu ilikuwa imegeuka kijani na kutangaza mshindi. Nakumbuka ukimya wa chumba kile. Peter Armitage na wenzake walikuwa wameshalipigia hesabu jambo hilo mwaka 1969, kwa ajili ya tafiti za tiba: ukikubali asilimia 5 ya kudanganywa na bahati, kisha ukachungulia mara 5 ukiwa tayari kusimama wakati wowote, udanganyifu unapanda hadi asilimia 14 hivi. Ukichungulia mara 10, unafika 19.

Siku iliyofuata akamgeukia bosi. "Mkuu, kabla hatujagawa watu, tofauti ndogo kabisa itakayokufanya ubadilishe ukurasa ni ipi?"

"Yoyote, dada. Hata ndogo."

Akashika kalamu ya ubaoni. Tuseme katika wageni 100, watano wanaweka tangazo, nasi tunataka kuona kama ukurasa mpya utawafikisha watano na nusu. Chukua 16, zidisha kwa 0.05, zidisha kwa 0.95, kisha gawanya kwa tofauti ya 0.005 iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu ni 30,400, na hao ni wa kundi moja. Makundi mawili ni 60,800. Kwa idadi hiyo, tofauti ikiwepo kweli, una nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Ukitaka kuona nusu ya tofauti hiyo, watu hawaongezeki maradufu, wanakuwa mara nne: 121,600 kwa kila kundi. Ukiridhika kutafuta ongezeko kubwa tu, kutoka watano hadi sita, 7,600 kwa kila kundi wanatosha.

Ubao ule ulibadilisha vikao vyetu kuliko programu yoyote. Ubishi haukuisha, wala sikutaka uishe, ila ulihama. Badala ya kubishania kijani au chungwa, watu walianza kubishania ni faida kiasi gani inayostahili kusubiriwa, na hilo ni swali la biashara ambalo bosi alikuwa na haki kamili ya kulijibu. Akishalijibu, idadi inaandikwa, na haiguswi tena.

Mengine yalifuata moja baada ya jingine. Bosi alipenda kumpa ukurasa mpya mgeni mmoja tu kati ya kumi, kwa tahadhari. Tukaona kwamba kundi dogo ndilo linaloburuza jaribio zima: ukigawa 90 kwa 10 unahitaji wageni karibu mara tatu ya wale wa nusu kwa nusu. Tukajifunza pia kukamilisha wiki nzima nzima, hata idadi ikitimia Jumatano, kwa sababu anayeingia usiku wa manane kwa bando la bei nafuu si yule anayeingia mchana akiwa kazini, na mwisho wa mwezi mishahara ikitoka kila kitu hubadilika.

Ninalolithamini zaidi ni kuhesabu makundi yenyewe kabla ya kutazama matokeo. Ukigawa watu 20,000 nusu kwa nusu ukapata 10,300 huku na 9,700 kule, inaonekana ni karibu sawa, lakini bahati peke yake haileti pengo hilo hata mara moja katika 10,000. Kuna kitu kinawameza watu. Kwetu ilikuwa ni picha nzito za ukurasa mpya: wenye simu ndogo na kivinjari cha Opera Mini waliondoka kabla ya kuhesabiwa, na waliobaki walikuwa wenye simu nzuri na pesa ya kutangaza. Ukurasa ulionekana bora kwa kuwafukuza maskini. Jaribio kama hilo halitengenezwi kwa hesabu. Linatupwa, kosa linarekebishwa, linaanzwa upya.

Sasa ninawasaidia vijana wenye tovuti changa, nyingine zikiwa na wageni 3,000 kwa wiki. Kwao hesabu ya ubaoni ina maana ya wiki zaidi ya 20 kwa kitufe kimoja. Ninawaambia wasijaribu kitufe. Wajaribu mambo makubwa: kuondoa hatua nzima ya kujisajili, kuruhusu kulipa kwa simu, kubadilisha bei. Na kwa yale madogo, waende Kariakoo wakakae na wenye maduka wanaotangaza kwao, watazame vidole vyao vinakwama wapi.