Tramu za Ubelgiji na Watu wa Kazi

Wasomaji wetu wa Kindu, wa Kongolo na wa Kalemie wanaijua njia ya chuma ambayo wazee waliiita C.F.L. Kampani ile iliundwa mwaka 1902, na mwaka 1915 reli zake zilifika kwenye ziwa Tanganyika. Mwanzilishi wake alikuwa Edouard Empain, Mbelgiji, mwana wa mwalimu wa shule wa Beloeil. Lakini kabla ya kuleta reli huku kwetu, Bwana Empain alikuwa amekwisha kupata mali kwa kitu kingine, ambacho wengi wetu tumekiona katika picha tu. Kitu hicho ni tramu.

Tramu ni nini? Ni gari linalokwenda juu ya reli, lakini si treni. Treni ina njia yake peke yake, na mtu hana ruhusa ya kutembea humo. Tramu hupita katikati ya barabara za mji, pamoja na watu, baiskeli na motokari. Reli zake zimezamishwa barabarani, hata mtu apitaye hajikwai. Tena haikawii kusimama: mbele ya soko, mbele ya kanisa, mbele ya kiwanda.

Tramu za kwanza zilivutwa na farasi. Mjini Bruxelles zilianza mwaka 1869, kutoka Porte de Namur kwenda msitu wa Bois de la Cambre. Mtu atauliza: kama ni farasi, reli za nini? Sababu ni hii. Barabara za siku zile zilikuwa za mawe, na gurudumu linaporuka-ruka juu ya mawe nguvu ya farasi inapotea bure. Juu ya chuma laini gurudumu linateleza, na farasi wawili wanavuta gari lenye watu wengi. Palipo na mlima waliongeza farasi wa tatu. Akifika juu alifunguliwa, akateremshwa tena kungojea gari la nyuma. Lakini farasi hafanyi kazi kutwa nzima. Baada ya saa chache amechoka, naye hula hata siku ya mapumziko. Kwa hiyo kila gari lilihitaji farasi wengi zizini, na nauli ilikuwa ya watu wenye fedha, wale waendao kutembea msituni siku ya Dominika. Mtu wa kazi alikwenda kwa miguu.

Bwana Empain aliliona jambo hilo. Katika miaka ya 1880, moja ya njia zake za kwanza ilitoka mji wa Liège, ikafuata mto Meuse mpaka Jemeppe, ng'ambo ya Seraing. Gari lilivutwa na mashine ya moshi. Huko hapakuwa na msitu wa kutembelea. Palikuwa na migodi ya makaa na matanuru ya kuyeyusha chuma. Kiwanda kikubwa cha Seraing kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1817 ndani ya jumba la kiangazi la Maaskofu wa Liège, ambao zamani walikuwa pia watawala wa nchi ile. Pale walipokuwa wakipumzika Maaskofu, sasa maelfu ya watu walitoka jasho mbele ya moto. Ndio abiria aliowataka Empain: nauli ndogo, lakini watu wengi, asubuhi na jioni, siku sita za juma.

Kisha ukaja umeme. Mwaka 1881, huko Lichterfelde karibu na Berlin, Werner von Siemens alionyesha tramu ya umeme. Mwanzoni umeme ulipita ndani ya reli zenyewe, na farasi aliyekanyaga reli zote mbili alishtuka vibaya. Baadaye mafundi waliuinua umeme juu, katika waya uliotundikwa kwenye nguzo. Gari likaunyonya kwa mti mrefu uliosimama juu ya paa, na umeme ukarudi chini kwa njia ya reli. Bruxelles ilipata tramu ya umeme mwaka 1894. Farasi wakaanza kuuzwa, nauli ikashuka.

Lakini jambo la Ubelgiji linalotupendeza kuliko yote halikuwa la mji mkuu, bali la vijiji. Mwaka 1884 iliundwa kampani ya taifa iitwayo Vicinal, na mwaka 1885 njia yake ilifunguliwa kati ya Oostende na Nieuwpoort, kando ya bahari. Fedha zilitolewa na serikali, majimbo na miji midogo yenyewe. Matajiri walishika sehemu ndogo. Reli zake nyingi zilikuwa na upana wa meta moja tu, sawa na njia yetu ya Kisangani–Ubundu. Zilipita kando ya mashamba, mbele ya milango ya makanisa, mpaka vijiji ambavyo treni kubwa haingefika kamwe. Wakati wa vita ya kwanza Wadachi waling'oa reli nyingi wakazichukua, lakini kazi ilianzwa tena, na baada ya vita ya pili urefu wa njia zote ulikuwa kama kilometa 4,800. Kwa nchi ndogo namna ile, ni ajabu.

Kwa nini walifanya hivyo? Tangu mwaka 1870 treni za serikali zilikuwa na tiketi ya juma kwa watu wa kazi, ya bei ndogo sana. Vicinal nayo ikafuata mfano huo. Chama cha Wakatoliki, kilichotawala Ubelgiji toka 1884 mpaka 1914, kilisifu sana desturi hii. Walisema: mtu wa kijiji afanye kazi mjini, lakini jioni arudi kwa mke wake, kwa bustani yake ya viazi, kwa kanisa alilobatiziwa. Asipotee katika vyumba vichafu vya mjini, mahali ambapo familia sita zinatumia bomba moja la maji. Papa Leo XIII alipoandika barua yake juu ya watu wa kazi mwaka 1891, tiketi hizi zilikuwa zimekwisha kutumika miaka ishirini.

Tusifiche kwamba palikuwa na sababu nyingine pia. Wakubwa wa viwanda walipata wafanyakazi bila kuwajengea nyumba. Wengine waliogopa kwamba mtu akihamia mjini atajiunga na Wasosialisti. Na huyo mtu wa kazi mwenyewe? Aliamka saa kumi usiku, akasinzia ndani ya gari la baridi, akarudi watoto wamekwisha kulala. Sisi tunaofundisha watoto katekisimu tunajiuliza kama baba wa namna hii aliwahi kuwasikia watoto wake wakisali. Hata hivyo, tukipima pande zote mbili, tunaona afadhali ile tramu kuliko kutokuwa nayo. Siku ya Dominika alikuwa kwake.

Tramu haikukosa kuua watu. Wakristu wote wamesikia habari za kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona. Tarehe 7 mwezi wa Juni 1926 fundi wake, Antoni Gaudí, aligongwa na tramu alipokuwa akienda kusali. Nguo zake zilikuwa za kimaskini, hakuna aliyemjua. Wenye teksi walikataa kumchukua, wakidhani ni mwombaji. Alipelekwa kwenye hospitali ya maskini, akafa siku ya tatu. Mwaka 2025 Papa Fransisko alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristu kwa namna ya kishujaa. Wengi wanapoisimulia habari hii wanailaumu tramu. Sisi tunawafikiria zaidi wale wa teksi.

Basi, tramu iliondokaje? Haikufa kwa uzee. Ilifukuzwa. Watu wenye motokari walipoongezeka walisema kwamba reli zinawazuia njia, na kwamba tramu ni kitu cha zamani, cha maskini. Paris, iliyokuwa na zaidi ya kilometa 1,000 za tramu, ilizifuta zile za mjini mwaka 1937. London ilimaliza mwaka 1952. Mwaka 1966 katika Ufaransa yote ilibaki miji mitatu tu: Lille, Marseille na Saint-Étienne. Huko Ubelgiji Vicinal iliweka mabasi mahali pa reli, kijiji baada ya kijiji. Leo zimebaki ile ya kando ya bahari, kilometa kama 67, na nyingine katika sehemu za Charleroi. Bruxelles, Antwerpen na Gent ziliziacha tramu zao za mjini ziendelee, na leo hakuna anayesikitika.

Kisha miji iliyozifukuza ilianza kuzitafuta tena. Motokari zilijaa hata hakuna aliyeweza kwenda. Mji wa Nantes, uliokuwa umefuta tramu mwaka 1958, ulizirudisha mwaka 1985, wa kwanza katika Ufaransa. Meya aliyeanzisha kazi hiyo, Alain Chénard, alishindwa katika uchaguzi wa 1983, na aliyemfuata alikuwa akiipinga tramu. Lakini kazi ya njia ya kwanza ilikuwa imekwenda mbele mno kuachwa. Baadaye miji mingine ya Ufaransa zaidi ya ishirini ilifuata. Kumbuka kwamba walilipa fedha nyingi sana kujenga upya kitu ambacho babu zao walikuwa nacho.

Na Liège, mji ule wa Bwana Empain? Huko tramu zilikuwa zimekwisha katika miaka ya 1960. Kazi ya tramu mpya ilianza 2019. Barabara zilichimbwa, wenye maduka walilia kwamba wateja hawawafikii, tena mwaka 2021 mto Meuse na mito mingine ya nchi ile ilifurika vibaya. Tarehe 28 mwezi wa Aprili 2025 tramu ilifunguliwa, kilometa kama 12. Ni gari zuri, refu, lenye sakafu ya chini, hata mzee au mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila kupanda ngazi.

Mpango ulikuwa kuzifikisha reli hizo mpaka Herstal upande mmoja, na mpaka Seraing upande wa pili, kwenye miji ya watu wa kazi. Siku hizi Seraing si tajiri. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba matanuru ya kuyeyusha chuma ya nchi ya Liège hayatawashwa tena. Kabla ya ile siku ya kufungua tramu, serikali ya Wallonia ilikuwa imekwisha kuamua kwamba fedha hazitoshi: Herstal na Seraing zitapewa mabasi. Kwa hiyo tramu inaishia Sclessin, karibu na uwanja wa mpira, kilometa chache kabla ya kufika Jemeppe. Mtu wa Seraing anayeitaka anapanda basi kwanza, halafu anangojea hapo.