Mgeni Aendaye Timau

Mtu aendaye Ujapani hujua tangu kwao kwamba huko hataelewa neno wala hatatambua sarafu, kwa hiyo hujiandaa miezi mingi. Lakini mtu atokaye Tanga kwenda Kenya huona kama anavuka ua tu kwenda kwa jirani kuazima chumvi. Lugha ni ile ile, fedha huitwa shilingi huku na huko, hata ugali ni ule ule. Basi husahau kuwa anaingia nchi ya kigeni yenye sheria zake, na ugeni usiotazamiwa ndio umuumizao mtu. Mimi nafundisha Timau, mji mdogo ulio begani mwa Mlima Kenya, upande wa kaskazini-magharibi, katika Kaunti ya Meru. Kwa kuwa nimepokea wageni kadhaa kutoka Tanzania, nakuandikia wewe, kijana uliye upande wa pili wa mpaka, yale ambayo ningependa uyajue kabla hujafunga mzigo.

Kwanza ni hati. Raia wa Tanzania haombi viza ya kuingia Kenya, wala hahitaji ile idhini ya safari iombwayo kwa mtandao ambayo Kenya iliianzisha Januari 2024 kwa wageni wa nchi nyingi. Hata hivyo hapiti mikono mitupu: yampasa awe na pasipoti, au hati ya muda itolewayo na Uhamiaji. Utasikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Usidhani ruhusa hiyo yakuhusu wewe. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani huenda ukakiulizwa wakati wa kwenda au wa kurudi. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, basi mtu achanjwaye leo ili asafiri kesho amejisumbua bure. Kama hujatimiza miaka 18, nawe hufuatani na wazazi, uwe na barua yao.

Babu yako angeliweza kutoka Tanga na shilingi mfukoni, akanunua nayo chai Nanyuki, kwa kuwa zamani hizo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia fedha moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake, na tangu hapo lililobaki kuwa moja ni jina. Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 15 za Tanzania. Mgeni akiambiwa kuwa sahani ya chakula ni shilingi 200 hufurahi na kuagiza mbili; hesabu humjia baadaye. Badilisha fedha zako benki au katika duka lenye leseni, wala usiwasikilize vijana wakukimbiliao mpakani wakiwa na mabunda ya noti mkononi.

Kutoka Tanga utapita Horohoro, ambako upande wa Kenya huitwa Lunga Lunga, kisha Mombasa, na hapo utapanda gari moshi la reli iliyofunguliwa mwaka 2017 hadi Nairobi. Atokaye Arusha hupita Namanga. Toka Nairobi hadi Nanyuki ni kama kilometa 200 kwa matatu, ndugu wa daladala zenu, na Nanyuki utabadili gari, upande liendalo Meru.

Karibu na Nanyuki barabara hukata mstari wa ikweta. Hapo utawakuta watu wenye vyombo vilivyotobolewa na vijiti vya kibiriti, nao watakuonyesha maji yakizunguka upande huu hatua chache kaskazini, na upande ule hatua chache kusini. Watazame, uwape chochote ukipenda, maana ni mafundi hodari wa mchezo wao. Lakini mwalimu wako wa fizikia asisikie kuwa umeamini. Nguvu ya mzunguko wa dunia katika chombo kidogo namna ile ni hafifu mno, na maji hufuata jinsi yalivyomiminwa.

Mgeni alisikiapo neno ikweta hufikiri joto. Timau iko kaskazini kidogo ya mstari huo, lakini imeinuka zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake haina huruma. Mwalimu mwenzangu mmoja wa Tanga alikuja na kanzu mbili na kikoi. Usiku wa kwanza alilala amevaa koti langu, na mablanketi matatu juu yake. Mchana, kinyume chake, jua la huku huunguza ngozi ijapokuwa upepo ni wa baridi, basi usiache kofia. Utaona mashamba makubwa ya ngano na shayiri, na nyumba za plastiki ambamo hupandwa maua ya kupelekwa Ulaya. Utaandaliwa githeri, nayo si kitu kingine ila makande yenu, na viazi utasikia vikiitwa waru. Usinung'unike chakula kikichelewa: kwa ajili ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 hivi, na maharagwe hukawia motoni.

Tena, usiwahukumu watoto wa huku kwa kutokuamkia shikamoo. Bara ya Kenya watu hupeana mkono na kuulizana habari, na aliyekunyoshea mkono amekuheshimu kadiri ya mila yake.

Sababu ya wageni wengi kuja ni mlima wenyewe, na hapa nakuomba usome polepole. Lango la Sirimon liko kati ya Nanyuki na Timau. Kilele cha Batian, chenye meta 5,199, ni cha wapandaji wa kamba. Kile cha Lenana, chenye meta 4,985, hufikiwa kwa miguu, na kwa sababu hiyo kila kijana mwenye nguvu hujiona amekwisha kufika. Nilifuatana wakati mmoja na vijana wa pwani, mmoja wao mchezaji mpira mashuhuri shuleni kwao. Tulilala kambi ya Old Moses, kwenye meta 3,300, na siku ya pili tukapanda hadi kambi ya Shipton, kwenye meta 4,200. Njiani kijana yule aliumwa kichwa, akatapika nyuma ya jiwe, naye akanyamaza kwa kuona haya mbele ya wenzake. Jua lilipotua alikuwa akiyumba kama mlevi, na alipoulizwa jina la shule yake alifikiri kwanza. Mzee aliyetuongoza hakungoja asubuhi. Aliwasha taa, akamshika mkono huu, nami nikamshika ule, tukashuka naye usiku kucha. Tulipokaribia Old Moses aliomba uji.

Ugonjwa ule hauchagui aliye dhaifu, na dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja. Kambi zile mbili zatofautiana meta 900, nao waganga hushauri kwamba ukishapita meta 3,000 usiongeze zaidi ya meta 500 kati ya usiku mmoja na wa pili. Kwa hiyo lala Old Moses siku mbili, ijapokuwa wenye haraka watakucheka, na kichwa kikiuma sema.

Limebaki neno moja juu ya zawadi. Meru ni nchi ya miraa, izaayo hasa Igembe na Tigania, na sheria ya Kenya huihesabu kuwa zao kama mazao mengine. Mzee kumpa mgeni kitita chake ni heshima kubwa. Tanzania mmea huo huitwa mirungi, na sheria huutia pamoja na dawa za kulevya. Yule mwenzangu wa kanzu mbili alipewa kitita na jirani yangu siku ya kuagana, akawa anakifunga katika begi ampelekee shemeji yake. Nilipoeleza habari ya sheria, mzee alishtuka kuliko mgeni. Hakujua kama ukarimu wake ungeweza kumfikisha mtu gerezani. Alikitwaa kitita chake, akaingia ndani, akarudi na sweta nzito ya sufu iliyofumwa na mkewe, ambayo naamini haijavaliwa hata siku moja kule Tanga.