Tunaposhuka katika Chumba cha Mashine

Msafiri apandaye meli jioni huko Goma ili alfajiri aamkie Bukavu huona taa zawaka, husikia muziki, hununua kinywaji cha baridi, wala haulizi umeme huo watoka wapi katikati ya Ziwa Kivu. Watoka chini ya miguu yake, katika chumba chenye joto na kelele, ambamo jenereta ya mazutu huzunguka usiku kucha. Nazo si taa za abiria tu ziitegemeazo. Mara nyingi redio ya nahodha, taa za kuzionya meli nyingine, na pampu itoayo maji ngamani hupata nguvu zake humo.

Sisi tuliozoea kushuka katika chumba hicho twajua jambo ambalo vijana wengi wa ufundi hawalisadiki upesi. Mashine hiyo haichoshwi sana na kazi ya usiku kucha. Huharibiwa zaidi katika dakika tano za kuwashwa na dakika tano za kuzimwa, kwa ajili ya haraka ya watu.

Kabla ya kugusa kitufe, twachomoa kijiti na kupima oli. Twatazama maji safi ya ndani injini ikiwa baridi tu, kwa maana afunguaye mfuniko wakati wa moto hurukiwa usoni na maji yachemkayo. Twabonyeza mkanda kwa kidole. Kisha twaangalia kikombe cha chujio la mazutu: maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo hukaa chini, nasi twayamwaga. Mazutu ya madumu mara nyingi yana maji na takataka, na fedha ya chujio jipya si fedha iliyopotea. Na mtu asishuke akiwa amevaa shati lisilofungwa, wala akining'iniza kitu shingoni, hata rozari. Aiweke mfukoni.

Sasa tuje kwenye maji ya ziwa, maana hapo ndipo jenereta ya meli inapotofautiana na ile ya nchi kavu, ipozwayo kwa upepo wa feni. Hii ya meli hunywa maji ya nje. Maji huingia kwa koki iliyo chini ya meli, hupita katika chujio, husukumwa na pampu yenye gurudumu la mpira, hupoza maji safi ya injini, halafu humiminwa ndani ya bomba la moshi, yakatoka nje pamoja na moshi. Koki ikisahauliwa imefungwa, lile gurudumu la mpira hukauka na kukatika vipande kwa muda mfupi sana, na bomba la moshi, ambalo nalo ni la mpira, huanza kuungua.

Basi wengi husema: fungua koki, yatosha. Haitoshi! Injini ikikataa kuwaka, na kijana akizidi kubonyeza tena na tena, pampu yaendelea kuleta maji, lakini hakuna moshi wenye nguvu wa kuyasukuma nje. Yanajaa katika bomba, yanarudi nyuma, yanaingia ndani ya silinda. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikiyakuta hapo, mkono wake wa chuma hupinda, na injini yote imekwisha. Kwa hiyo twabonyeza kwa sekunde kumi tu, twaiacha mota ya kuanzishia ipumzike, twajaribu mara mbili au tatu. Ikikataa, twatafuta sababu, ambayo mara nyingi ni hewa iliyoingia katika njia ya mazutu. Ikilazimu kujaribu zaidi, twafunga koki kwanza, na mtu mmoja anakaa ameishika, aifungue mara injini inaposhika.

Ikiisha kushika, taa ya oli yapasa kuzimika katika sekunde chache. Isipozimika, twazima mashine. Kisha twapanda juu kutazama. Fundi wetu mkuu alikuwa na swali moja tu kila jioni:

“Kijana, maji yanatoka?”

“Injini inalia vizuri, papa.”

“Sikukuuliza kilio. Maji yanatoka?”

Ndipo kijana alipopanda ngazi na kuchungulia ubavuni mwa meli.

Swichi kuu ya umeme ikae imezimwa dakika tatu hadi tano, oli ifike kila mahali. Halafu twapakia kazi moja moja: kwanza mafriji na pampu, kwa maana mota huvuta umeme mwingi sana zinapoanza, kisha taa. Na hapa kuna jambo la nchi yetu. Ziwa Kivu liko yapata mita 1,460 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kadiri ya sehemu moja katika mia kwa kila mita 100. Basi jenereta iliyoandikwa kilowati 20 haitazitoa zote huku. Ikilazimishwa, hutoa moshi mweusi. Ndiyo dalili ya mazutu yaliyokosa hewa. Moshi wa buluu waonyesha oli inayoungua. Kazi ndogo mno nayo haifai, kwa maana injini iendayo siku nyingi karibu bure hujaa masizi.

Moshi una hatari kubwa kuliko rangi yake. Katika meli moja tuliyoifanyia kazi, bomba la moshi lilikuwa limepasuka, likafungwa kwa kitambaa na waya kwa majuma mengi, maana mwenye meli alisema kipuri kingoje. Usiku mmoja wa mvua watu wakafunga milango ya juu. Kijana wa zamu akapanda akilalamika kichwa, akatapika, akaanguka. Tulimlaza penye upepo, tukazima jenereta, tukaendelea kwa taa za betri. Abiria walinung'unika kwa sababu ya giza, na mwenye meli alinung'unika kwa sababu ya samaki walioharibika. Kijana alipona. Gesi iliyomwangusha, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Injini ya mazutu huitoa kidogo kuliko ile ya esanse, lakini katika chumba kilichofungwa kidogo hicho chatosha kuua, na aliyelala haamki.

Kuzima ni kazi nyepesi, ila yataka subira ile ile, gati likiwa limefika na kila mtu ana haraka ya kushuka. Twaondoa kazi zote, twafungua swichi kuu, twaiacha injini izunguke bure dakika tano ili joto lishuke. Ndipo twazima. Betri haikatwi kabla injini haijasimama kabisa, maana dinamo huungua. Koki ya ziwa yafungwa. Twaandika saa za kazi katika daftari, na kwa tochi twamulika ngamani kama kuna mazutu yanayoelea.